Nilichangiwa mguu wa kutembea, lakini moyo unataka rumba

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39, mama wa binti mmoja wa miaka 14. Nauza viatu vya mitumba Gikomba na naishi Kayole. Machi 2023 nilipanda bodaboda alfajiri niwahi marobota yakifunguliwa, na pale Barabara ya Jogoo lori likatubana. Mwenye pikipiki alitoka na michubuko. Mimi madaktari walipigania mguu wangu wa kushoto siku tisa, mwishowe wakaukata chini ya goti.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesimamia harambee. Alifungua kikundi cha WhatsApp, akawa mweka hazina, akapigia simu watu wa kijijini, wa kanisani na wachuuzi wenzangu. Kuna mama anayeuza soksi karibu na kibanda changu. Alitoa shilingi 200 siku ambayo najua hakuwa ameuza hata jozi moja. Zikapatikana 140,000, nikatengenezewa mguu bandia, na Desemba mwaka huo nikarudi sokoni nikitembea.

Kabla ya ajali, Jumapili jioni nilikuwa mtu wa rumba. Sikufuata pombe wala wanaume. Soda moja, bendi, na sakafu, basi. Marehemu baba alinifundisha sebuleni kwetu Makadara nikiwa na miaka tisa. Alinikataza kuhesabu hatua, akaniambia nisikilize gitaa la besi. Nilikuwa nikicheza mpaka wanamuziki wafunge vyombo.

Baada ya kukatwa sikutaka hata kusikia muziki huo. Kisha Agosti iliyopita nilikuwa napika, binti yangu akaweka wimbo wa zamani kwenye simu, nikashtukia kiuno kimeanza chenyewe. Tulicheza tukicheka mpaka sima ikaungua. Tangu siku hiyo nacheza kila jioni, mlango nimeufunga.

Kaka akaja siku moja bila taarifa, akatukuta. Mbele ya mtoto hakusema neno. Usiku akanipigia: "Watu walichanga uende kazini. Wakisikia unaukatia kiuno mguu waliokununulia, nitawatazama na uso gani? Na ukivunjika, nani atachanga tena?" Sijalala vizuri tangu usiku ule. Kila nikipita mbele ya yule mama wa soksi najiona mwizi.

Kuna mengine mawili. Wiki iliyopita nimeota lengelenge kwenye kigutu, upande wa mbele, chini kidogo ya goti. Nimelificha, navaa mguu hivyo hivyo kwenda kazini. Siku hizi mguu wenyewe unanipwaya kama gambuti la mtu mwingine, mpaka nivae soksi tatu ndipo ukae. La pili naona haya kuliandika. Muziki ukilia, vidole vya mguu ambao sina tena hupiga mdundo. Navisikia kabisa. Jirani niliyemwambia alisema niende nikaombewe.

Karibu na mjini kuna mwalimu anayefundisha densi Jumamosi. Nimefika mlangoni pake mara mbili na mara mbili nimegeuka. Shangazi, nina haki ya kucheza kwa mguu huu? Na nikicheza, nitauharibu?

Muuza Viatu, Gikomba


Marahaba mwanangu,

Tuanze na lengelenge, maana hilo haliwezi kungoja nimalize mengine. Leo usivae mguu. Nilifanya kazi ya fiziotherapia hospitalini hapa Nairobi miaka 26 kabla ya kustaafu, na nimeona lengelenge dogo lililofichwa likigeuka kidonda cha miezi miwili. Usilipasue. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, funika kwa bandeji safi, kisha utumie magongo mpaka ngozi ijifunge. Ukiona usaha, harufu, joto au wekundu unaopanda kuelekea pajani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Najua siku bila kibanda ni siku bila unga. Binti yako au jirani wa soko akusaidie kuuza siku mbili tatu, kwa sababu kidonda kitakufungia kibanda muda mrefu zaidi.

Sasa, lengelenge hilo usilisingizie rumba. Jibu umeliandika mwenyewe uliposema gambuti. Baada ya kukatwa mguu, uvimbe hushuka na misuli isiyofanya kazi yake ya zamani hupungua, kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili kigutu hukonda. Soketi, yaani lile bakuli gumu ambalo kigutu huingia, hubaki na kipimo cha siku uliyopimwa. Ukikanyaga, mfupa unateremka ndani ya bakuli. Ukiinua mguu, unapanda. Huko kupanda na kuteremka ndiko kunakosugua ngozi, na mbele ya muundi ngozi ni nyembamba, mfupa uko pale pale. Kubeba robota kungekuletea lengelenge hilo hilo. Densi imelidhihirisha mapema tu.

Unachohitaji ni soketi mpya, na mara nyingi fundi anaweza kuitengeneza huku akitumia tena wayo ule ule ulio nao. Usiende kwa mtu wa kubahatisha. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya kilichoanza mwaka 1958, kina karakana ya viungo bandia hapa Nairobi. Hospitali Kuu ya Kenyatta pia ina mafundi wa kazi hiyo. Kama bado hujajiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, jiandikishe, kwa sababu lina mfuko unaosaidia watu kupata vifaa kama hivi. Wengi wanaona aibu kuchukua kile kitambulisho. Wewe kichukue.

Sasa nije kwa kaka yako, maana hapo ndipo barua yako ilipolia.

Nimeisoma ile simu yake mara nyingi. Mwanzoni nilikasirika, kisha nikamwona mtu aliyesimama mbele ya ukoo, kanisa na soko akaomba, na ambaye mpaka leo anahisi hesabu haijafungwa. Mweka hazina wa harambee ya ugonjwa hubeba mzigo ambao hakuna anayemshukuru kwao. Anaogopa mambo mawili, na lazima uyatenganishe. Moja ni aibu. La pili ni kwamba mguu ukivunjika atalazimika kuomba tena.

Hofu ya pili ina msingi. Mguu bandia huchakaa. Wayo hulainika, mikanda hulegea, soketi hupasuka, na anayecheza huuchakaza upesi zaidi kuliko anayekaa. Kwa hiyo mjibu kwa vitendo. Fungua mfuko wa mguu. Kila siku ya soko tenga shilingi 50 au 100, uziweke mahali ambapo karo haitazigusa. Baada ya miezi mitatu mwonyeshe. Mwambie, "Kaka, ulinisimamisha. Kuanzia sasa matengenezo ni yangu." Utakuwa umemtua mzigo ambao hajui namna ya kuuweka chini.

Hofu ya kwanza siwezi kuikubali. Wale watu hawakununua mashine ya kupelekea mtu Gikomba. Yule mama wa soksi hakutoa shilingi 200 kwa masharti. Alimtazama mwenzake aliyekuwa akicheka naye kila asubuhi, akaona nafasi yake iko wazi, akataka arudi. Aliyekuwa akicheka ndiye aliyekuwa akicheza rumba Jumapili, ni mtu mmoja. Ukirudisha muuza viatu ukamzika mchezaji, umemrudishia nusu ya alichochangia. Kwetu tunasema mcheza kwao hutunzwa, nawe umecheza kwako, jikoni, mbele ya mwanao, ukapigiwa simu ya kukaripiwa. Sitakuambia uombe radhi.

Tena nenda kwa mama huyo. Usimngoje asikie kwa watu. Mpelekee chai, umwambie kwamba mguu aliouchangia umeanza kucheza. Nadhani unajua atakavyojibu, ndiyo maana unaogopa. Ni rahisi kubeba hatia kuliko kubeba furaha ambayo mtu mwingine amekusaidia kuipata.

Na usikubali mtu akuambie kwamba kucheza kunaruhusiwa kwa kuwa ni mazoezi. Ni kweli, kutaimarisha nyonga, mgongo na uwezo wako wa kusimama bila kuyumba. Lakini hukuniandikia kuhusu nyonga. Ulikuwa ukicheza kabla ya ajali kwa sababu ulipenda, na hakuna aliyekudai sababu. Aliyepoteza mguu hahitaji cheti cha daktari ili afurahi.

Vidole vinavyopiga mdundo si pepo. Ubongo una sehemu iliyojengwa kwa ajili ya mguu ule kwa miaka 37, na sehemu hiyo haikukatwa pamoja nao. Inaendelea kutuma na kusubiri habari. Watu wengi sana waliokatwa kiungo huhisi kiungo hicho kipo, kinawasha, kimekunjwa, kinasogea. Kwa wengine huwa maumivu makali, na hapo tuna dawa, tuna kukandakanda kigutu, na kuna zoezi la kioo ambalo daktari Ramachandran alilianzisha Marekani miaka ya 1990: unaweka kioo kati ya miguu, unausogeza mguu mzima, na macho yanauonyesha ubongo miguu miwili. Wewe huna maumivu, una mdundo. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusimuliwa jambo zuri kama hilo. Usiviombee viondoke. Vitumie. Vidole hivyo vikianza kupiga, vinakuambia zamu ya kushoto imefika, hata kama wayo wa plastiki hauhisi sakafu.

Mguu huo utauharibu? Sikiliza jinsi unavyofanya kazi, kisha uamue mwenyewe.

Una goti lako, na hiyo ni mali kubwa. Aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua. Unachokosa ni kifundo. Wayo wa kawaida wa bandia haujisukumi wala haukunji kifundo kama wa nyama, kwa hiyo kupanda kwenye ncha za vidole upande wa kushoto usahau kwa sasa. Lakini rumba inahitaji hayo lini? Nusu ya kwanza ya wimbo ni kutembea na kuegemea. Na gitaa likifungua sebene, ile sehemu ya pili ya kasi, kazi yote ni ya kiuno, nyayo zinasogea kidogo tu chini. Kiuno chako hakikuguswa na lori. Baba yako alikufundisha kusikiliza besi, si kuhesabu hatua, na hujui jinsi alivyokuandalia mwili huu wa leo.

Kwenye kuzunguka, uwe makini. Mguu mzima ukizunguka, kifundo na ngozi hugawana ule msokoto. Wayo wa bandia ukinata sakafuni huku mwili unageuka, msokoto wote unaishia ndani ya soketi, kwenye ngozi yako. Kwa hiyo zungukia mguu wa kulia, au geuka kwa hatua ndogondogo tatu nne. Mwanamume anayekushika mwambie mapema upande gani akupeleke. Atakayechukia kuambiwa hafai kukushika.

Viatu sasa, na hapa wewe ni fundi kuliko mimi. Mguu bandia hunyooshwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu ulichovaa siku ile ya kupimwa. Ukivaa kisigino kirefu zaidi, goti linasukumwa mbele. Ukivua kiatu ukacheza pekupeku, unavutwa nyuma, na nadhani jikoni umekuwa ukicheza pekupeku. Tafuta katika marobota yako jozi yenye kisigino cha kimo kile kile, yenye mkanda wa kufunga, na soli ya ngozi inayoteleza kiasi badala ya mpira unaonata. Unayachambua marobota kila asubuhi, utaipata kabla ya mteja. Jozi hiyo uipeleke kwa fundi siku ya kupima soketi mpya, anyooshe mguu ukiwa umeivaa.

Jasho ni jambo la kuzoea tu: baada ya nyimbo tatu nne kaa, vua, futa kigutu na soketi, badilisha soksi. Ukifika nyumbani kagua ngozi kwa kioo cha mkononi. Wekundu unaofifia ndani ya dakika 10 hadi 15 si tatizo. Unaobaki, kesho yake usicheze.

Kabla ya kwenda kwa mwalimu, kuna zoezi moja nililowapa wagonjwa wengi, na linafaa rumba kuliko yote. Simama karibu na meza, mkono mmoja umeigusa. Weka mpira mdogo chini ya wayo wa kulia, uuzungushe polepole mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mguu wa kushoto utalazimika kukubeba. Watu waliokatwa hujificha kwenye mguu mzima bila kujua, na miaka ikipita goti la upande huo hulipa. Zungusha mpira kwa wimbo mmoja wa polepole kila jioni. Siku utakapoacha kuigusa meza bila kufikiri, uko tayari.

Huyo mwalimu wa Jumamosi mpigie simu kabla ya kufika mlangoni mara ya tatu. Mwambie una mguu bandia wa kushoto chini ya goti, uliwahi kucheza rumba miaka mingi, hutaki kuwekwa kwenye kiti pembeni, na utapumzika ukitaka. Muulize kuhusu ngazi na kama sakafu ina utelezi. Akianza kukupa pole ndefu, tafuta mwingine. Nairobi si mji mgeni kwa jambo hili: kundi la Pamoja limewahi kuwakutanisha jukwaani hapa hapa wachezaji wenye ulemavu na wasio nao.

Nikutajie wawili, si ili uwaige. Musa Motha wa Afrika Kusini alikatwa mguu akiwa mtoto kwa sababu ya saratani ya mfupa. Hucheza kwa gongo, bila mguu bandia, na mwaka 2023 alifika fainali ya shindano la vipaji la televisheni Uingereza. Gongo lake halifichi popote, nalo linacheza. Sudha Chandran wa India alipoteza mguu baada ya ajali ya mwaka 1981, na mwaka 1984 alirudi jukwaani kucheza Bharatanatyam, densi inayochezwa pekupeku kwa kupiga sakafu kwa nguvu, akiwa na mguu wa Jaipur. Wayo huo wa mpira ulibuniwa Jaipur mwaka 1968 na fundi Ram Chander Sharma pamoja na daktari Sethi, kwa ajili ya watu wanaochuchumaa na kutembea bila viatu. Sijawaleta kwako ili ufike walikofika. Wao ni wa jukwaa, wewe unataka Jumapili jioni na soda moja. Nimewaleta kwa sababu hakuna hata mmoja anayecheza kama aliyerudishiwa mguu wa zamani. Motha ana mguu mmoja na gongo, hesabu mpya kabisa. Yule alijifunza sauti nyingine ya kukanyaga.

Ndicho ninachokuomba uache: kucheza jikoni ukijilinganisha na yule wa 2022. Yule alizunguka kushoto bila kufikiri. Huyu wa sasa ana kituo kidogo upande wa kushoto, pumzi moja kabla ya uzito kufika. Kwenye rumba pumzi hiyo ina mahali pake. Mwombe binti yako akupige video, uitazame mara moja bila kujihurumia. Utakiona.

Kwa hiyo wiki hii mguu ukae kando ya kitanda. Mpigie fundi simu upange siku, anza kutafuta jozi ile kwenye marobota, na mpelekee mama wa soksi chai hata kama utakwenda kwa magongo. Jioni keti kitini jikoni, binti aweke wimbo wa polepole, na uanze na mabega. Niandikie tena soketi ikifika, unieleze jozi uliyoichagua ni ya rangi gani.

Shangazi yako